Mhudumu wa kituo cha mafuta Lodwar: kazi yake na haki zake

Mhudumu wa kituo cha mafuta, ambaye wengi humwita mtu wa pampu, ndiye anayekutilia mafuta huku wewe umekaa garini. Katika nchi nyingi kazi hii imekwisha, dereva hushuka akajitilia mwenyewe. Marekani, jimbo la New Jersey bado linamkataza dereva kujitilia, kwa sheria ya mwaka 1949. Hapa Kenya, kuanzia Likoni hadi Kakuma, mtu wa pampu bado yupo.

Mafuta yanatoka wapi

Lita inayouzwa Lodwar huanzia kwetu Pwani. Meli hushusha Kipevu, mafuta yakapita katika bomba lililofika Nairobi 1978 na baadaye Eldoret, kisha malori ya tangi huyapeleka Turkana kupitia Kitale na Kapenguria. Ajabu ni kwamba mafuta ghafi yaligunduliwa huko huko Turkana, katika kisima cha Ngamia-1 karibu na Lokichar, mnamo Machi 2012. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyaleta Mombasa, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikauzwa ng'ambo. Kiwanda cha Changamwe kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta tangu 2013. Kwa hiyo mkaazi wa Turkana hununua mafuta yaliyotoka nje, tena kwa bei iliyo juu kuliko ya Mombasa.

Bei hiyo haipangwi na mhudumu. Mamlaka ya EPRA hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi bei ya juu kabisa kwa kila mji. Hata hivyo, lawama za mteja humwangukia yeye.

Kazi yenyewe

Mhudumu huuliza aina ya mafuta kabla ya kufungua tangi, kwani petroli ikitiwa kwenye injini ya dizeli huiharibu. Humwonyesha mteja sufuri kwenye pampu. Akiombwa, hupima oili, maji na upepo wa magurudumu, na hufuta kioo.

Lodwar huduma hizo si anasa. Anayekwenda Eliye Springs, kwenye chemchemi na mikoma kando ya Ziwa Turkana, huiacha lami akaingia mchangani. Gari hula mafuta zaidi mchangani, na madereva wengi hupunguza upepo ili magurudumu yasizame. Asiyejaza tangi Lodwar anajitakia kulala njiani.

Wavuvi nao huja na mitungi ya petroli ya mashua. Mtungi hujazwa ukiwa chini ardhini, si juu ya pikapu, kwa sababu cheche ndogo ya umeme tuli yatosha kuwasha moto. Injini nyingi ndogo za mashua huhitaji oili ichanganywe na petroli. Kwa kipimo cha 50 kwa 1, lita 20 hutaka mililita 400 za oili.

Hesabu ya jioni

Zamu ikiisha, mita ya pampu husomwa na pesa huhesabiwa, taslimu na za simu. Zikipungua, mara nyingi mhudumu hukatwa mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu makato hayo pale tu upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake umemkabidhi kazi ya kupokea pesa. Makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili za mshahara. Anayetoroka bila kulipa si uzembe wa mhudumu moja kwa moja. Mwajiri aonyeshe kosa liko wapi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukifika pampu taja kiasi waziwazi, tazama sufuri, na usiondoke kabla malipo ya simu hayajathibitishwa. Mia mbili unayoisahau wewe huenda ikawa chakula cha watoto wake jioni hiyo.