Mlango Uliofungwa Vizuri Sana

Swali la haraka: mlango unaofungukia ndani na unaofungukia nje, gani salama? Wengi mtasema wa ndani, kwa sababu mwizi hafikii bawaba. Sawa. Sasa sikizeni stori ya NASA (ile ya anga, si ile ya uchaguzi wa 2017).

Julai 1961, mwanaanga Gus Grissom alitua baharini na chombo chake, Liberty Bell 7. Mlango ulishikiliwa na bolti 70 zenye baruti. Ukigonga kitufe, mlango unaruka. Siku hiyo uliruka kabla ya wakati, maji yakaingia, chombo kikazama na jamaa karibu azame nacho. Wako waliomlaumu. Yeye alisema hakugusa kitu, na mimi namwamini: mwenzake Wally Schirra alipogonga kitufe kama hicho 1962, mkono uliumia. Mkono wa Grissom haukuwa na alama.

Basi kwa Apollo, baruti ikakataliwa. Kampuni iliyounda chombo ilikuwa imependekeza mlango wa kufungukia nje. NASA ikaogopa usije ukafunguka wenyewe. Wa ndani kabisa ukawekwa kufungukia ndani. Angani, hewa ya ndani inausukuma dhidi ya fremu, kwa hivyo presha yenyewe inakuwa komeo. Manze, kihandisi ni akili safi. Hauwezi kufunguka kwa ajali.

Shida ni kwamba hata kwa makusudi haufunguki.

27 Januari 1967, Florida. Mazoezi tu, roketi haina hata mafuta. Ndani wako Grissom, Ed White na Roger Chaffee, wakipumua oksijeni tupu, presha ikiwa juu kuliko ya nje. Moto ukawaka. Mambo yakienda sawa kabisa, kutoka kulihitaji sekunde 90. White ndiye alikuwa na kazi ya kufungua, akiwa amelala chali, makomeo yako nyuma ya kichwa chake. Moto ukapandisha presha hadi mlango ukakandamizwa na uzito wa tani kadhaa. Hakuna binadamu wa kuvuta hiyo. Walio nje walichukua kama dakika 5 kufika ndani. Wote watatu walikuwa wamekufa.

Mlango uliofuata ulifungukia nje. Makomeo ya ukingoni yote yaliendeshwa na mpini mmoja, na gesi iliyobanwa ilisaidia kusukuma ule uzito. Ulifunguka chini ya sekunde 10. Hapo ndipo nakasirika, kwa sababu mpini na gesi vilikuwepo hata kabla ya moto. Aliyechora wa kwanza alikuwa akifikiria hewa itakavyobaki ndani, hakufikiria mtu atatokaje.

Na msicheke Wamarekani. Machi 2001, bweni la Kyanguli, Machakos, lilichomwa kwa petroli. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 sasa unataka milango ya bweni ifungukie nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na grili.

Sasa wewe wa hosteli, na wewe wa ploti yenye geti la chuma pale kwa ngazi: keyateka akishapiga kufuli usiku, ufunguo hulala wapi?