Mkaguzi Asiyeshuka Shimoni

Sisi wa Kawe tunaujua mkaa kwa gunia na kwa kopo. Tunajua pia, au tunapaswa kujua, kwamba mtu akiingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua, akafunga mlango na dirisha, asubuhi majirani wanaweza kuvunja mlango na kukuta maiti. Muuaji hapo ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 1896 mtaalamu wa Uingereza, John Scott Haldane, alionyesha kwamba katika milipuko ya migodi ya makaa ya mawe gesi hiyo hiyo ndiyo iliyoua watu wengi kuliko moto wenyewe.

Lakini mlipuko unaanzaje? Makaa ya mawe hutoa gesi nyingine, methani. Ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha. Vumbi la makaa nalo hulipuka. Kule Courrières, Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, walikufa watu 1,099.

Kwa hiyo mgodi sharti upumue. Hewa safi huingia kwa shimo moja, chafu hutolewa kwa jingine kwa nguvu ya feni, na katikati ipo milango ya kuiongoza. Mlango mmoja ukiachwa wazi, upande mzima wa mgodi hukosa hewa. Huko Uingereza kazi ya kufungua na kufunga milango hiyo walipewa watoto, waliokaa gizani kutwa, mpaka sheria ya 1842 ilipokataza wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Sheria hiyo ilileta mkaguzi. Ajabu ni kwamba hakupewa madaraka ya kukagua usalama wa mashimo. Alitazama hali za watu tu! Wenye migodi hawakutaka mgeni huko chini. Ni mwaka 1850 ndipo wakaguzi waliporuhusiwa kushuka.

Walishuka na taa ya Humphry Davy, ya mwaka 1815, ambayo mwali wake umezungushiwa wavu wa waya. Mwali ukivaa kilemba cha buluu, methani ipo. Ukizimika, hewa imekwisha. Baadaye walichukuliwa pia ndege wadogo, kanari, wanaolewa kaboni monoksidi kabla ya binadamu. Uingereza iliwastaafisha mwaka 1986 tu.

Na Afrika je? Tarehe 6 Juni 1972, mgodi wa Wankie, leo Hwange nchini Zimbabwe, ulilipuka ukaua watu zaidi ya 420. Karibu wote wamelala humo humo, maana gesi ilizuia uokoaji na mgodi ukazibwa.

Kwetu, Kiwira kusini mwa Mbeya, mgodi uliojengwa kwa msaada wa China na kuanza mwaka 1988, watu walichimba makaa chini kwa chini. Ngaka, mkoani Ruvuma, huchimbwa kwa shimo la wazi, na hapo mashaka ya hewa ni machache.

Msiba wetu mkubwa wa hewa haukutokea kwenye makaa. Ulitokea Mererani, kwenye tanzanaiti, Juni 2002, pampu ya hewa ilipoacha kufanya kazi na wachimbaji wapatao 40 wakafa kwa kukosa pumzi. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria ni karatasi nzuri. Hata hivyo mashimo ya wachimbaji wadogo ni mengi, yametawanyika, na mkaguzi mwenye gari lisilo na mafuta hana tofauti na yule wa 1842. Akifika, namwomba asiishie kusoma daftari mezani kwa meneja. Avae kofia, ashuke hadi mwisho wa shimo, kisha aamuru pampu izimwe kidogo, ahesabu dakika ngapi zinapita kabla mtu wa juu hajagundua.