Kutoka Kanda hadi Kompyuta

Wapendwa, enzi za kanda tuliimba sote mbele ya maikrofoni moja. Mmoja akikosea, wimbo ulianza upya.

Kompyuta ilipofika, tulianza na Audacity, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000. Ilikuwa rahisi: chagua kipande, kata, punguza kelele. Lakini siku hizo kila badiliko liliingia kwenye sauti yenyewe, na mradi ukishafungwa, hakuna kurudi nyuma.

Baadaye tukahamia REAPER, ambayo toleo 1.0 lilitoka mwaka 2006. Huku soprano, alto, tena na besi kila moja ina traki yake, na faili ya asili haiguswi. Programu hukumbuka tu palipokatwa na kiasi cha mwangwi kilichoongezwa.

Ndiyo maana, tulipoandaa albamu ya jubilii, tulizipata sauti za wenzetu waliolala katika Bwana zikiwa kamili, kama walivyoziimba. Leo tutaimba pamoja nao.

Kwenu wanakwaya mtakaotufuata: programu zitabadilika. Yoyote mtakayotumia, wekeni kwanza nakala ya rekodi ya asili, ndipo mhariri.

Utukufu kwa Mungu.