Chale Avuka Ng'ambo

Mwenye kuandika tarikhi ya sinema Mombasa aghalabu huanzia kisiwani, penye majumba ya Regal, Naaz na Majestic, na huishia huko huko, kana kwamba watu wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawakupata kucheka mpaka walipovuka maji. Ni kweli kwamba kuvuka hakukuwa jambo jepesi: mtu wa Kisauni alipita juu ya daraja la Nyali lililoelea majini tangu mwaka 1931 hadi lilipojengwa jipya mwaka 1980, na alilipa ushuru, wa Likoni alikuwa mateka wa feri, na wa Changamwe, kibarua wa bandari au wa reli, alipomaliza zamu alikuwa na haja ya kulala kuliko haja ya tiketi. Basi sinema ndiyo iliyolazimika kuwafuata wao, nayo ilikuja kwa gari.

Magari hayo ya serikali yalienea nchini wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kazi yake ilikuwa kueneza habari za vita na nasaha za afya na kilimo. Shuka jeupe lilitandazwa kiwanjani jua likishatua, jenereta likanguruma, mkalimani akashika kipaza sauti, na hadhira ikavumilia kwa adabu mafunzo ya choo na malaria, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba mwisho wa yote atatokea chale mwenye kofia ya duara, fimbo na viatu vilivyomzidi miguu. Waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya shuka, wakaona kila kitu kinyume, herufi zikisomeka kutoka kulia. Wala hawakudhurika, maana maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza, na aliyeyahitaji alimsikiliza mkalimani, ambaye naye hakujifunga na yaliyoandikwa.

Hapa pana jambo la ajabu ambalo wakuu wa zama zile hawakulitafakari ipasavyo. Meja Notcutt na Bwana Latham, waliotengeneza filamu huko Vugiri katika milima ya Usambara kati ya mwaka 1935 na 1937, na baada yao William Sellers wa idara ya filamu za makoloni iliyoundwa London mwaka 1939, walijenga nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha ziendazo mbio, kwa hiyo atengenezewe filamu za polepole, zisizo na hila wala mikato ya ghafula. Na kumbe zile za chale yule, Charlie Chaplin, zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wa London na New York, zenye kufukuzana, kuanguka na kuinuka kabla jicho halijapepesa, ndizo zilizopendwa kuliko zote! Nionavyo mimi, nadharia ile ilipaswa kufa usiku wa kwanza.

Chaplin alizaliwa London mwaka 1889 katika ufukara, na maskhara yake hakuyapata Marekani alikopigia picha, bali katika majumba ya michezo ya Uingereza, katika kundi la Fred Karno alilojiunga nalo mwaka 1908, alimokuwamo pia Stan Laurel, yule mwembamba ambaye baadaye alipata umaarufu pamoja na Oliver Hardy. Katika kazi zake fupi, ile iitwayo The Immigrant, ya mwaka 1917, ina mvuto wa peke yake kwa mtu aliyekulia kando ya kivuko. Chaplin yumo ndani ya meli iliyojaa wahamiaji maskini. Ameinamia ukingoni, mabega yakimtikisika, nawe unadhani anatapika, hata akageuka, na kumbe alikuwa akishindana na samaki aliyenasa kwenye ndoana yake. Kisha bakuli la supu linateleza mezani kwa mrama wa meli, kutoka kwa mlaji huyu hadi kwa yule, kila mmoja akiwahi kijiko chake kabla halijarejea kwa mwenziwe. Hatimaye sanamu ya Uhuru inaonekana, na papo hapo maofisa wanawazuia abiria kwa kamba kama mifugo; Chaplin naye, ofisa akiisha kumpa kisogo, anampiga teke la makalio.

Serikali ya Kenya iliyomning'inizia Mwafrika kipande cha kitambulisho shingoni tangu mwaka 1920, na iliyomzuilia filamu nyingi za bunduki kwa kuhofia adabu yake, iliziona picha za chale huyu kuwa mchezo wa kitoto tu. Marekani walikuwa macho zaidi: Septemba 1952, Chaplin akiwa safarini baharini, walimfutia ruhusa ya kurudi, na teke lile ni miongoni mwa mambo aliyowekewa kinyongo. Mwezi uliofuata hali ya hatari ilitangazwa Kenya.

Miaka hiyo hiyo Waswahili walianza kujichekesha wenyewe. Tanganyika ilitoa filamu ya Muhogo Mchungu, ambamo mshamba aingiaye mjini ni Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Kenya ikawapata wachekeshaji Kipanga Athumani na Mzee Pembe. Na baada ya kituo cha televisheni kufunguliwa Mombasa mwaka 1970, pwani ilipata kuwa na mchezo wake, Vituko. Vibanda vya video vilipoenea, chale wa Uingereza akarudi kwa sura ya Mr Bean, asiyesema ila kwa nadra, asiyehitaji mkalimani.

Mwigizaji wake, Rowan Atkinson, alifika kwetu kwa mapumziko mwaka 2001. Mwezi wa Machi, akitoka Ukunda, kusini ya Likoni, kwenda Nairobi na jamaa zake kwa ndege ndogo ya kukodi, rubani alizimia angani, na Atkinson, ambaye hakupata kurusha ndege maishani, akashika usukani mpaka rubani akazinduka na kuiteremsha salama uwanja wa Wilson. Na huyu ndiye aliyetuzoeza kumwona akiendesha gari hali ameketi juu ya paa lake, kwenye kiti cha sebuleni, usukani akiuvuta kwa kamba.