Daftari la mama

Mama yangu ana daftari la kurasa 96, lile la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake kuna tarehe tu. Kila mstari ni mwezi mmoja, na kila mwezi una alama: tiki kama mjomba alidungwa sindano yake, X kama alirudi bila. Mjomba ana skizofrenia. Sindano hiyo ndiyo inayomwezesha kulala usiku, kuchunga mbuzi, na kuongea na sisi badala ya kuongea na zile sauti. Juzi nilikaa chini nikahesabu X zote. Kisha nikaanza kusoma historia, kwa sababu nilitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba kazi hii ni ya mama.

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la sita, kule ushago. Zahanati ilikuwa imekosa sindano miezi mitatu mfululizo. Nesi alimwambia mama ajaribu hospitali ya wilaya: matatu mbili kwenda, mbili kurudi, nauli ambayo hatukuwa nayo. Mwezi wa tatu mjomba akaacha kulala. Wa nne akavunja mlango wa jirani akisema kuna watu ndani wanamsema. Wanaume walikuja wakamshika, na baba akanituma nikalete kamba ya ng'ombe. Nilikimbia, kama mtoto anayetaka kuonekana anasaidia. Mjomba alikaa amefungwa kwenye mwembe siku tisa. Hakuna aliyemchukia. Majirani walimletea uji, pasta akaja kuomba, wazee wakakaa naye jioni. Jamii ilikuja, yote. Kitu pekee ambacho hakikuja ni dawa.

Ukitaka kujua tulifikaje hapo, anzia Thika Road. Hospitali ya Mathari wengi wetu tunaijua kwanza kama tusi: ukikosana na msee, unamwambia arudi Mathare. Ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Yaani tangu mwanzo palikuwa mahali pa kuwaweka watu mbali na wengine. Wazungu walikuwa na wodi zao, Waafrika zao.

Mwaka 1938 ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwaka 1947 alichapisha utafiti kuhusu Waafrika waliopelekwa hospitalini kwa sababu ya wazimu. Aliona ni wachache mno ukilinganisha na Ulaya, na kwamba waliokwenda kufanya kazi mbali waliugua zaidi ya waliobaki nyumbani. Kwake hiyo ilimaanisha kwamba maisha ya kijijini yanamkinga Mwafrika. Kitabu chake cha 1953, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kilifika hata kuifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Ubaguzi huo tunauona haraka. Kilichonichukua muda kukiona ni hesabu yake. Carothers alihesabu waliofikishwa hospitalini. Aliyefungwa kwenye mwembe hakuingia kwenye vitabu vyake. Na kama hayuko kwenye vitabu, haumwi. Na kama haumwi, kwa nini serikali ijenge kliniki kijijini kwake? Hapo ndipo nilipoona sifa za kijiji zikigeuka kuwa sababu ya kutokitumia pesa.

Si kwamba kijiji hakiwezi kutunza mgonjwa. Mwaka 1954, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotoa ripoti ya Carothers kuhusu Mau Mau, daktari Mnaijeria aitwaye Thomas Adeoye Lambo alianza jambo tofauti kabisa huko Aro, Abeokuta. Alipanga wagonjwa waishi na wenyeji katika vijiji vya karibu, kila mmoja akiwa na ndugu yake. Walitibiwa hospitalini, kisha wakarudi kijijini kupika, kulima na kukaa na watu. Dunia nzima ilikuja kujifunza kwake, na baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Lakini angalia vizuri: hospitali ilikuwa hapohapo, wauguzi walikuwepo, dawa ilikuwepo, na wenyeji walilipwa kodi ya vyumba. Jamii ilibeba mzigo, lakini haikuachiwa.

Baada ya uhuru, Kenya nayo ilijaribu kusogeza huduma karibu na watu. Wodi za akili zilifunguliwa katika hospitali za nje ya Nairobi, zikiwemo za Nakuru na Port Reitz kule Mombasa. Sera ikawa mgonjwa atibiwe karibu na kwao, kisha arudi kwa jamii. Wazo zuri. Sheria ya Afya ya Akili ikapitishwa 1989. Desemba mwaka huohuo, hospitali za serikali zikaanza kutoza ada chini ya mpango wa kuchangia gharama. Sasa piga picha: mtu ambaye hawezi kushika kazi, anayehitaji dawa maisha yake yote, anaambiwa achangie. Atakayechanga ni dada yake.

Mei 2013 wagonjwa 40 walitoroka Mathari. Nilikuwa chuoni Nairobi. Simu zetu zilijaa vichekesho siku hiyo: kila aliyevaa vibaya alikuwa mmoja wa wale 40. Nilituma viwili mimi mwenyewe. Kusema ukweli, sikumkumbuka mjomba hata kidogo. Niliporudi ushago nikafungua daftari, Mei 2013 ilikuwa na X.

Tangu wakati huo karatasi zimeongezeka. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 ile sheria ya 1989 ilifanyiwa marekebisho, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma ya afya ya akili. Nimesoma marekebisho hayo. Ni mazuri. Neno jamii limo pia.

Mama ana miaka 67 sasa, na magoti yanamsumbua. Mwezi uliopita aliniambia nimpeleke mjomba kliniki. Tulifika saa mbili asubuhi. Saa sita nesi akatuambia dawa haijafika, turudi wiki ijayo. Akachukua kadi ya mjomba, na nikaona alichotaka kuandika, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa mara nyingi juu yake: "hakuhudhuria." Kadi nzima ilikuwa hivyo. Nilitoa daftari la mama nikaanza kulinganisha. Miezi yote ambayo mama ameandika X, kadi inasema mjomba ndiye aliyekosa.

"Lakini yuko hapa," nilimwambia. "Huyu hapa, amekaa tangu saa mbili."

Nesi alikuwa amechoka, na si mtu mbaya. Alisema kadi haina mahali pa kuandika kwamba dawa hakuna. Nikamwomba aandike hata pembeni. Mjomba, ambaye hakuwa amesema neno tangu tushuke matatu, akasema polepole, "Andika nilikuja, mama."

Aliandika: "Alikuja. Dawa hakuna." Akapiga muhuri juu yake.

Jioni nilimpa mama daftari aweke X. Akanirudishia pamoja na kalamu. Nikaiweka mimi.