Kabine za makamu wanne wa rais: nani alikuwa anashika mlango wakati wa 1+4?

Kati ya mwaka 2003 na 2006, Congo ilikuwa na rais mmoja na makamu wanne wa rais. Raia waliuita utawala huo "1+4", na jina hilo halijasahaulika. Hata watoto waliozaliwa kambini wameyasikia majina ya wale wakubwa: Joseph Kabila juu, kisha Yerodia Ndombasi, Jean-Pierre Bemba, Azarias Ruberwa na Arthur Z'ahidi Ngoma. Waliosahaulika ni watu waliokaa chumba cha pili, mlango kwa mlango na makamu: wakurugenzi wa kabine zao. Kinshasa huwaita dircab.

Asichanganywe na mkuu wa majeshi. Mkurugenzi wa kabine hana askari, hana kura katika baraza la mawaziri, na hakuna raia aliyemchagua. Anateuliwa na mkubwa wake, na siku mkubwa anapoondoka, naye anafunga sanduku lake. Lakini barua yoyote inayomwendea makamu wa rais inapita kwanza mezani kwake. Yeye ndiye anasema hii isomwe leo, hii ipelekwe kwa mshauri wa sheria, hii ingoje. Anapanga nani ataonana na mkubwa na kwa dakika ngapi. Washauri wanaandika maoni yao, yeye anayasahihisha kabla hayajaingia ndani. Mkubwa akisema neno kwenye mkutano, yeye ndiye anafuatilia kwa waziri kama neno limefanyika ao limelala. Karatasi inayoambiwa "ingoje" inaweza kungoja mwaka mzima bila mtu yeyote kusema kwamba imekataliwa.

Desturi hiyo tuliirithi kutoka Ubelgiji, ambako kila waziri ana kabine yake ya watu wa kuaminiwa, mbali na wafanyakazi wa kudumu wa serikali. Na nguvu ya meza hiyo ilionekana mapema, ofisini kwa rais. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1977, Barthélemy Bisengimana aliongoza ofisi ya Rais Mobutu. Hakuwa waziri, lakini mawaziri walimuogopa. Wanahistoria wengi wanaona mkono wake katika sheria ya uraia ya mwaka 1972, iliyowapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu tangu kabla ya uhuru. Miaka minne baada ya yeye kuondoka ofisini, mwaka 1981, bunge lilipitisha sheria nyingine iliyofuta ile ya kwanza. Mabishano juu ya sheria hizo mbili yaliingia katika vita vilivyofuata, na familia nyingi za mashariki zinajua matokeo yake.

Tofauti ya 1+4 ni kwamba meza za namna hiyo zilikuwa tano kwa wakati mmoja. Mapatano yaliyotiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, kisha kuthibitishwa Sun City mwezi wa Aprili 2003, yaligawa serikali katika tume nne. Ruberwa wa RCD alipewa siasa, ulinzi na usalama. Bemba wa MLC alipewa uchumi na feza. Yerodia, upande wa Kabila, alipewa ujenzi na maendeleo, na Z'ahidi Ngoma, upande wa upinzani usio na silaha, mambo ya jamii na utamaduni. Makamu aliitisha mikutano ya tume yake, akapeleka ripoti kwa baraza la mawaziri, akasimamia yaliyoamuliwa. Katiba ya mpito iliwakumbuka pia kwa jambo la medali: makamu wangeweza kumpendekezea rais mpango wa kutoa nishani za taifa. Juu ya namna kabine tano zingesikilizana, haikuwa wazi namna hiyo.

Mfano ni mshahara wa askari. Jeshi lilikuwa katika tume ya Ruberwa. Pesa ilikuwa katika tume ya Bemba. Mkuu wa majeshi yote alikuwa Kabila. Hawa watatu, miezi michache tu kabla, walikuwa wanapigana, na kila mmoja aliingia kabine na watu aliotoka nao vitani ao uhamishoni. Mkurugenzi wa kabine aliyeshikilia karatasi ya mwenzake hakuhesabu kwamba anachelewesha kazi ya serikali. Alihesabu kwamba analinda upande wake. Wakati huo huo, askari wa brassage walikuwa wanangoja vituoni. Raia wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa askari asiyelipwa anakula wapi: shamba la muhogo, mbuzi, kizuizi barabarani. Pesa nyingine ilitoka Kinshasa lakini ikapotea njiani mikononi mwa makamanda. Ndiyo maana ujumbe wa Umoja wa Ulaya, EUSEC, uliofika mwaka 2005, ulichukua kazi ya kutenganisha njia ya mshahara na njia ya amri.

Mwaka 2004 ulionyesha ubaya wa mpango huo. Tarehe 2 Juni, askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliiteka Bukavu, na maelfu ya watu wakakimbia. Usiku wa tarehe 13 Agosti, wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa kambini Gatumba, Burundi. Siku kumi baadaye Ruberwa, akiwa Goma, alitangaza kwamba RCD inasimamisha kushiriki katika serikali. Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini aliingia kati na Ruberwa akarudi. Lakini kwa siku hizo, tume ya ulinzi na usalama ilikuwa haina mwenyekiti mezani, wakati mashariki palikuwa panawaka. Mkurugenzi wa kabine anaweza kujibu barua, kupokea wageni, kutunza muhuri. Hawezi kuamua mahali pa mkubwa aliyegoma.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haikuweka makamu wa rais hata mmoja. Uchaguzi ulifika tarehe 30 Julai, na mwezi wa Agosti risasi zilisikika Kinshasa, zikapigwa hata kwenye makao ya Bemba wakati mabalozi wa kigeni wakiwa ndani. Kabila alipoapishwa mwezi wa Desemba, kabine nne zilikwisha pamoja na vyeo vya wakubwa wao. Washauri walirudi kwenye vyama, kwenye biashara, wengine wakaingia bungeni. Walinzi wa Bemba ndio hawakutoka. Mwezi wa Machi 2007 walipigana na jeshi la serikali katikati ya mji mkuu, Bemba akajificha katika ubalozi wa Afrika Kusini, na mwezi uliofuata akapanda ndege kwenda Ureno.