Nishati ya Pemba: Jua, Kuni na Waya wa Chini ya Bahari

Historia ya nishati jadidifu, yaani nishati inayotokana na vyanzo vinavyojirudisha vyenyewe kama vile jua, upepo, maji ya mito na miti inayooteshwa upya, huandikwa mara nyingi kana kwamba ilianza siku paneli ya kwanza ya sola ilipopandishwa juu ya paa. Kwa kisiwa cha Pemba mpangilio huo haufai, kwa sababu kwa karne nyingi karibu kila kazi ya kisiwani ilitegemea vyanzo hivyo na hapakuwa na vingine: majahazi yaliyotoka Uarabuni na Bara Hindi yalishuka kwa pepo za kaskazi na kurudi kwa kusi, vyakula vilipikwa kwa kuni na makumbi ya nazi, na karafuu, zao lililoipa Zanzibar jina duniani na ambalo sehemu yake kubwa hutoka Pemba, lilikaushwa kwa jua tupu. Aliyechelewa kufika ni mafuta, na sehemu kubwa ya historia inayofuata ni ya namna kisiwa kilivyoyategemea mafuta hayo na kisha kujaribu kuyaacha.

Ukaushaji wa karafuu ndio mfano ulio wazi zaidi wa nishati ya jua iliyotumika kiuchumi bila ya kuitwa hivyo. Karafuu zinapoangushwa huchambuliwa kwa mkono ili kutenganisha punje na makonyo, yaani vikonyo vinavyoshika vishada, kisha huanikwa juu ya majamvi kwa siku kadhaa hadi zibadilike rangi na kuwa za hudhurungi na kukatika kwa urahisi zikivunjwa kwa vidole. Mvua ikishuka kabla ya hapo, watu wa nyumba nzima hukimbilia majamvi, kwa kuwa karafuu iliyorowa ikarundikwa huchacha na kupoteza daraja yake sokoni. Ikumbukwe kwamba Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, na kwamba mawingu yanayomsumbua mkulima wa karafuu ni yale yale yanayomsumbua leo mwenye paneli ya sola. Tatizo la kuhifadhi nguvu ya jua kwa ajili ya siku lisipotoka, ambalo wahandisi hulizungumza kama jambo jipya, Wapemba wameishi nalo tangu mikarafuu ilipoenea kisiwani katika karne ya 19.

Kuni nazo huhesabiwa kuwa nishati jadidifu, lakini kwa sharti moja, kwamba mti ukatwe kwa kasi isiyozidi ile ya kuota kwake. Sharti hilo limekuwa gumu kutimia katika kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000 ambacho, kwa sensa ya 2022, kilikuwa na watu zaidi ya 540,000. Kuni na makaa ya nyumbani, matanuri ya chokaa na ujenzi vyote vimekula katika msitu na katika mikoko ya pwani, na msitu mkubwa wa asili uliosalia, ule wa Ngezi katika ncha ya kaskazini, umebaki kwa sababu umehifadhiwa kisheria. Visiwa vidogo vya pembeni viliumia zaidi, na ndiyo maana Kokota, kisiwa kidogo katika eneo la Wete, kilikuwa miongoni mwa mahali ambapo jumuiya ya Community Forests Pemba ilianza kazi ya kuotesha miti na kuvuna maji ya mvua. Mijadala ya nishati Zanzibar imezoea kuanzia kwenye umeme, ilhali jiko ndilo linalotumia nishati nyingi zaidi katika nyumba ya kawaida, na kasoro hiyo haijasahihishwa hadi leo.

Umeme wenyewe ulikuja Pemba kwa sura ya jenereta za dizeli. Wakati Unguja iliunganishwa na gridi ya Tanzania Bara mwaka 1980 kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba (gridi ni mtandao wa nyaya unaounganisha vituo vingi vya kuzalisha na wateja wengi), Pemba iliendelea kwa miaka mingine 30 kutegemea kituo cha Wesha, karibu na Chake Chake, ambako dizeli iliyoletwa kwa meli ilichomwa ili kuwasha taa za Wete, Mkoani na Chake Chake yenyewe. Mpango wa umeme vijijini uliofadhiliwa na Norway tangu miaka ya 1980 ulisambaza nguzo na transfoma, ambazo ni mashine za kupandisha au kushusha msukumo wa umeme, lakini nguzo mpya hazikuongeza nguvu iliyozalishwa. Vijiji vilivyounganishwa vilizidi kuongezeka, mashine zilizidi kuchakaa, bei ya mafuta ilipanda, na matokeo yake yakawa mgao wa umeme, taabu ambayo kila aliyekuwa na friji ya kuuzia barafu aliielewa vizuri kuliko mchumi yeyote.

Mwaka 2010 hali hiyo ilibadilika. Kwa msaada mkubwa wa Norway, waya wa kilovolti 33 wenye uwezo wa takriban megawati 20 ulilazwa kutoka Tanga hadi Pemba, ukivuka mkondo wa Pemba ambao kina chake hufikia mita zipatazo 800, na ukazinduliwa chini ya utawala wa Rais Amani Abeid Karume. Kilovolti ni kipimo cha msukumo wa umeme na megawati ni kipimo cha nguvu inayopita, na tofauti ya vipimo hivi viwili ina uzito katika kisa hiki, kwa kuwa waya mrefu wa chini ya bahari wenye msukumo mdogo hauwezi kupitisha nguvu nyingi hata kama upande wa pili una umeme wa kumwaga. Mradi huo pia ulikamilika miezi michache tu baada ya maridhiano ya kisiasa ya Novemba 2009, katika kisiwa ambacho wakazi wake walilalamika kwa muda mrefu kwamba maendeleo huishia Unguja, na ni vigumu kuitenganisha furaha ya umeme ule na hali hiyo ya kisiasa.

Je, umeme uliovuka bahari ni jadidifu? Mto Pangani, ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru na kumwagika baharini karibu na mahali waya unapoanzia, una vituo vya nguvu za maji vya Hale, cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, na New Pangani Falls, cha megawati 68 kilichojengwa katikati ya miaka ya 1990 kwa fedha za Finland, Norway na Sweden. Ingependeza kusema kwamba theluji ya Kilimanjaro ndiyo inayowasha taa za Konde huko Pemba, lakini katika gridi umeme wa vyanzo vyote huchanganyika, na mwaka 2010 gesi asilia ya Songo Songo ilikwisha kushika nafasi kubwa. Mizani ilianza kurudi upande wa maji mwaka 2024, pale mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulipoanza kufanya kazi. Pemba kwa hiyo imebadilisha chanzo cha umeme wake mara mbili ndani ya miaka 15 pasipo kisiwani kwenyewe kujengwa kitu chochote kinachoonekana.

Hapo ndipo palipo na udhaifu wa mpangilio huu. Unguja ilikwisha kuonja gharama ya kutegemea waya mmoja: umeme ulikatika kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena kwa miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, kabla ya waya mpya wa megawati 100 kufika mwaka 2013. Na hatari haitoki baharini peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) lilitishia kuikatia umeme Zanzibar kwa deni linalotajwa kuzidi shilingi bilioni 120 ambalo Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO), mnunuzi wa jumla, lilikuwa likidaiwa. Mteja wa Pemba aliyekwisha kulipia tukuza yake, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, angezimikiwa taa kwa deni asilolijua.

Sola ilikua pembeni ya mfumo huu, katika nyumba zilizo mbali na nguzo na katika visiwa vidogo. Mchango uliojulikana zaidi ni wa chuo cha Barefoot kilichoanza Kinyasini, Unguja, mwaka 2015, kwa kufuata mfano wa chuo mama cha Tilonia nchini India: wanawake wa vijijini, wengi wao watu wazima waliosoma kidogo au wasiosoma kabisa, hufundishwa kwa miezi kadhaa kufunga na kutengeneza mitambo ya sola, kisha hurudi vijijini mwao wakiwa mafundi. Hekima ya mpango huo iko kwenye neno kutengeneza. Paneli yenyewe hudumu miaka 20 au zaidi, lakini hewa ya chumvi hula viungio, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika kwa vyombo vya kawaida vya nyumbani) huungua, na betri za asidi, zikitumiwa hadi kuisha kabisa kila usiku, hufa ndani ya miaka michache. Baharini mabadiliko yamekuwa ya haraka zaidi, maana mvuvi wa dagaa aliyekuwa akichoma mafuta ya taa katika karabai usiku kucha hakuhitaji kushawishiwa kununua taa ya betri inayomwokolea fedha hizo.

Kwa upande wa sola ya kiwango kikubwa, hatua muhimu ni mradi wa dola milioni 142 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2021 kwa ajili ya sekta ya umeme Zanzibar, lakini kituo chake kikuu cha sola pamoja na betri kimepangiwa Makunduchi, Unguja. Sababu zinaeleweka, kwa kuwa Unguja ndiko waliko wateja wengi na hoteli, na ardhi tambarare ya mawe ya kusini yake haina mgogoro na kilimo kama ilivyo katika vilima vya Pemba vilivyojaa mikarafuu. Hata hivyo hoja ya kiufundi inaielekea Pemba zaidi. Waya wa megawati 20 hauongezeki, ilhali mahitaji yanaongezeka, na kwa vile wateja wengi ni wa majumbani, matumizi hupanda baada ya magharibi, wakati jua limekwisha kuzama. Paneli bila ya betri zingepunguza mzigo wa mchana, ambao si tatizo, na kuuacha wa usiku kama ulivyo. Upepo ungeweza kusaidia saa hizo, hasa upande wa mashariki wa Micheweni unaopigwa na kusi, lakini mitambo yake huhitaji winchi kubwa, barabara pana na bandari ya kushushia mapanga marefu kuliko lori lolote lililokwisha kupita Mkoani. Uamuzi uliobaki ni kati ya kulaza waya wa pili wenye msukumo mkubwa zaidi na kuweka betri karibu na Chake Chake zijazwe mchana na kutumika usiku, na betri zina faida moja ambayo waya hauna, kwamba zinaweza kuongezwa kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana.